Mkono umelala tangu nimalize chuo

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Uyole, Mbeya. Nilimaliza stashahada ya sanaa za ufundi miaka miwili iliyopita, na nilichojikita ni uchoraji. Chuoni nilichora kila siku. Asubuhi chupa na vitambaa, mchana tunachorana wenyewe kwa wenyewe, jioni tunatoka nje kuchora mitumbwi na watu. Kila Ijumaa tulibandika kazi ukutani, mwalimu anapita na kijiti chake mkononi: mkono huu mfupi, shingo hii haijashika kichwa, hapa umechora unachokijua siyo unachokiona. Nilikuwa naiogopa Ijumaa mpaka tumbo linauma. Leo naikumbuka.

Nilivyomaliza nilirudi nyumbani. Baba mdogo ana ghala la viazi hapa Uyole, akanipa kazi ya kuandika. Magari yakija kutoka Isongole na Umalila naandika magunia mangapi yameshuka, nani amechukua, nani anadaiwa. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni, na gari likichelewa natoka usiku. Sina la kulalamika, kazi inanilisha na namsaidia mama.

Mwanzoni nilijiwekea ratiba: kila usiku saa mbili za kuchora. Nilifanya siku nne. Nikajaribu tena mwezi uliofuata, siku mbili. Sasa ni miezi kumi na moja sijachora kitu. Nina daftari zuri la kuchorea, karatasi nzito kabisa, rafiki yangu alinipa siku ya mahafali. Nimechora kurasa tatu. Kila nikilifungua naona nitaliharibu, nalifunga.

Mwezi wa sita na wa saba ndiyo mbaya zaidi kwa sababu ya baridi. Naingiza jiko la mkaa chumbani, nafunga mlango, nakaa na penseli, halafu najikuta naangalia ukuta. Nikishika simu naona kazi za wenzangu. Mmoja ameshafanya maonyesho Dar. Namfurahia kweli, lakini nalala nikiwa na uchungu.

Mama huwa anasema, "Mwanangu, mchoro hauliwi." Hasemi kwa ubaya, ananihurumia. Na wiki iliyopita baba mdogo alinigombeza mbele ya wateja, kwa sababu nilichora bega la kuli mmoja kwenye kaunta buku, pembeni mwa orodha ya madeni. Nilijisikia vibaya sana.

Nishauri, Mwalimu. Nihamie Dar waliko wasanii? Nirudi chuo nikasome tena? Au nikubali kwamba ilikuwa ya chuoni na imeisha?

Ndaga fijo.

Binti wa Uyole

*

Marahaba, mwanangu. Ugonile.

Kabla ya penseli, jiko. Nakuomba usikae tena na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, leo wala kesho. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaona usingizi tu. Watu wamekufa hivyo wakidhani wanaota moto. Mikono ikiganda, shika kikombe cha chai ya moto, vaa glovu ulizokata ncha za vidole, chora, ukiganda tena rudi kwenye kikombe. Mimi niko Iringa, naijua baridi ya Julai, na nimechora hivyo miaka mingi.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikapigia mstari jambo ambalo wewe umeliandika kama kosa. Unasema hujachora kitu kwa miezi kumi na moja. Halafu huku chini unasema wiki iliyopita ulichora bega la kuli. Hilo bega alichora nani?

Naona hivi. Chuo kilikupa mengi, lakini kikubwa kilikuwa ile Ijumaa. Kulikuwa na siku, ukuta, na mtu wa kuja kutazama. Ijumaa imeondoka, na wewe umebaki unajiandaa kwa ajili yake: saa mbili kamili, daftari la mahafali, kazi iliyokamilika inayostahili kubandikwa. Unakaa chini usiku ukitaka kutoa kazi ya ukutani, na ukuta wenyewe haupo. Ndiyo maana unautazama wa chumbani. Lile bega halikungoja ratiba. Uliliona, likakushika, peni ilikuwa mkononi, ukachora. Huo ndiyo uchoraji wako wa sasa hivi, na umeusahau kwenye hesabu kwa sababu haukufanana na ule wa chuoni.

Yaliwahi kunikuta. Nilipomaliza ualimu nilipangiwa shule ya msingi huko Makete, nikaenda na boksi langu la rangi nikijiona msanii. Lile boksi lilikaa chini ya kitanda zaidi ya mwaka. Kilichonitoa ni chupa ya chai ya ofisi ya walimu. Mpini wake ulikuwa umevunjika, mtu akaufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Siku moja kikao kikawa kirefu, nikaanza kuichora nyuma ya karatasi ya mtihani wa darasa la nne. Kikao kilichofuata nikaichora tena. Mwaka ule niliichora labda mara arobaini. Ilipofika mara ya kumi nilikuwa nimeichoka kabisa. Lakini baadaye, sijui ni mara ya ishirini, nikaona kitu ambacho kilikuwepo siku zote: kivuli cha mpini juu ya meza kilikuwa na ukingo mkali pale kinapoanzia, na kadiri kilivyokwenda mbali ukingo ulizidi kulainika mpaka usijue kimeishia wapi. Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo darasani, nikaliandika kwenye daftari na mtihani nikafaulu. Kuliona nililiona Makete, kwenye chupa ya chai. Boksi la rangi nikalitoa chini ya kitanda wiki ileile, bila kujilazimisha.

Kwa hiyo anza na karatasi. Daftari la mahafali lifungie kabatini, lina siku yake. Nenda kwenye kibanda cha fotokopi hapo Uyole, uwaombe karatasi zilizoharibika upande mmoja. Wengi huzitupa au huwashia moto. Zikate nusu, zipange, zishone mgongoni kwa sindano na uzi wa kushonea magunia, maana hivyo hamkosi ghalani. Utapata daftari la kurasa mia ambalo halina bei, na kisichokuwa na bei hakikuogopeshi. Chora kwa peni ya kawaida. Penseli ina ufutio, na mtu aliyekaa muda mrefu bila kuchora hufuta kuliko anavyochora. Peni ukikosea, acha mstari ulipo, weka wa pili pembeni yake. Ile mistari miwili mitatu inayotafutana ndiyo itakuonyesha jicho lako lilipotea wapi.

Saa mbili za usiku ziache. Mwili uliosimama saa kumi na mbili ghalani hauna saa mbili za kutoa, na kujilaumu kila usiku kumekuchosha kuliko viazi. Chukua gari moja kwa siku. Fuso likiingia kuna muda kati ya kufungua turubai na gunia la kwanza kugusa sakafu, na wewe hapo bado huna cha kuandika. Dakika tano, pengine nane. Hizo ni zako. Gari la pili likija andika hesabu kama kawaida.

Na una cha kuchora kuliko wengi wetu! Najua wakulima wanavyoumizwa na lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, na naungana nao kwamba ikome kama sheria ya vipimo inavyotaka. Ila maadamu limesimama mbele yako, litazame kwa jicho la mchoraji. Usianze na mstari wa nje. Anza chini, pale gunia linapokutana na sakafu: halisimami kama boksi, limekaa, limetanuka kama mtu aliyechoka. Panda taratibu. Kila uvimbe kwenye kitambaa ni kiazi kinachosukuma kutoka ndani, na mikunjo yote inakimbilia kwenye mshono. Kule juu kuna ile kofia iliyofumwa kwa kamba, viazi vinachungulia kwenye matundu. Ukilichora vizuri, anayeliona atajua ni zito kabla hajajua ni gunia la nini.

Makuli nao. Chuoni mtu alikuwa anakaa tuli, nusu saa. Hapo watu wanatembea, na najua umejiambia haiwezekani kumchora mtu anayetembea. Inawezekana, kwa sababu mwendo wao unarudi uleule. Wanashuka ishirini, thelathini, njia moja, mzigo mmoja. Watano wa kwanza watazame tu, peni chini. Angalia shingo inainamia upande gani, nyonga inatokea upande gani, na mguu upi uko chini ya mzigo wakati mwingine uko hewani. Akipita wa sita, chora ulichokishika kichwani, sekunde kumi, mistari saba au minane. Wa saba akipita sahihisha. Waombe ruhusa kwanza, uwaambie unafanya nini, uwaonyeshe. Asiyetaka mwache. Watakaokubali, baada ya wiki mbili watakuja wenyewe kuuliza, "Leo umenichora?"

Kuhusu kaunta buku, baba mdogo ana haki. Mle mna madeni ya watu, na mteja akiona michoro anaanza kuwa na mashaka na hesabu. Muombe radhi, umuonyeshe daftari lako jipya, umwambie kuanzia leo michoro ina mahali pake. Nadhani atakuelewa upesi kuliko unavyofikiri.

Usiku, kama una nguvu, chora kwa kumbukumbu: mtu mmoja uliyemuona mchana, ukurasa mmoja, basi. Kama unapenda mkaa wa kuchorea na huwezi kununua, utengeneze mwenyewe Jumapili. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati, toboa tundu dogo kwa msumari. Tafuta vijiti vikavu vya mti laini, unene wa penseli, toa gome, vipange vikabane. Funika, weka kwenye moto wa kuni nje. Moshi utatoka kwenye lile tundu. Ukikoma, toa kopo, na hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka: usilifungue mpaka lipoe kabisa, maana hewa ikiingia vingali vya moto vinawaka vyote kuwa majivu. Vikitoka vizuri vinalia kama kigae ukivigonganisha, na vinatoa weusi mzuri sana, laini, unaoweza kuusukuma kwa kidole.

Mama yako usibishane naye. Amelea, anajua njaa ikoje, na maneno yake yametoka huko. Mchore. Atakapokaa kuchambua maharage, kaa mbele yake. Mtu anayechambua maharage hukaa nusu saa, kichwa kimeinama, mikono inarudia jambo lilelile, mwanga wa mlangoni unampiga upande mmoja. Hakuna chuo kinachokulipia modeli kama huyo. Chora vidole tu siku ya kwanza. Usimuombe asifie.

Umeuliza kuhusu Dar. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, huku kusini kwetu, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akafanya kazi za nyumbani kwa watu. Alianza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hardboard, ule ubao mwembamba wa kushindiliwa, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972. Miaka minne tu, kwa vifaa ambavyo fundi baiskeli yeyote alikuwa navyo. Dar ilimpa wanunuzi, hilo ni kweli na siyo dogo, na siku moja na wewe utawahitaji. Lakini ukihama leo utaamka Dar ukiwa na kodi ya chumba, foleni, na mkono uleule unaosubiri Ijumaa. Ni zaidi ya kilomita 800. Zipande ukiwa na madaftari mawili yaliyojaa. Nenda kwanza kutembea, siku tatu nne, ufike Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, uone watu wanavyofanya kazi, uwaonyeshe kurasa zako, urudi. Baada ya hapo uamuzi utakuwa mwepesi. Kurudi chuo sikushauri kabisa kwa sasa. Ungelipa ada ili upewe siku ya kubandika kazi.

Simu sina mengi. Wakati wa gari lako moja iache mfukoni.

Kilichobaki ni yule wa kutazama, na hapo kweli umepungukiwa. Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, mkubwa kwako kwa miaka miwili. Sehemu kubwa ya mafunzo yake aliyafanya mwenyewe, kwa kunakili mazoezi ya kuchora ya Mfaransa Charles Bargue, mengine akayarudia mara nyingi. Mtu wake wa kutazama alikuwa mdogo wake, Theo, aliyekuwa mbali. Alimwandikia barua kwa miaka, na ndani ya barua alichora vijichoro vidogo: nimeona hiki, ninafanyia kazi hiki. Majira ya baridi ya mwaka 1884 kuingia 1885, akiwa kijijini Nuenen huko Uholanzi, alichora vichwa na mikono ya wakulima, kimoja baada ya kingine, makumi kwa makumi, na kutoka hapo ikatoka picha yake kubwa ya familia ya wakulima waliokaa chini ya taa wanakula viazi. Viazi, mwanangu, hivihivi unavyovihesabu. Sikwambii hayo ili ujilinganishe naye. Nataka uone kwamba yale makumi ya vichwa hayakuwa kazi ya ukutani. Aliyachora ili aone, na Theo alikuwa anajua kwamba anayachora.

Kwa hiyo tafuta Theo wako. Yule rafiki aliyekupa daftari la mahafali ananijia akilini kwanza. Mtu aliyekuchagulia karatasi nzito namna ile alitaka kuona utachora nini. Mwandikie leo, umwambie ukweli kwamba zimejaa kurasa tatu tu, na umuombe awe anapokea ukurasa mmoja kila wiki. Asisahihishe, aseme tu ameuona. Na wewe umuombe wake. Inawezekana kabisa kwamba naye anaangalia ukuta wake huko aliko.

Zipo siku gari halitakuja, siku utaumwa, wiki nzima ya mvua ambayo barabara ya Umalila haipitiki. Usilipe deni la siku hizo. Usiseme kesho nitachora magari matatu kufidia. Ndivyo ratiba yako ya kwanza ilivyokufa. Gari likija tena, chora hilo.

Na mimi nataka kuona. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi nitumie picha za kurasa mbili, uzipige karibu na dirisha asubuhi ili wino uonekane: moja unayoipenda na moja iliyokushinda. Ile iliyokushinda uniandikie ni wapi ilikoanza kukataa. Ya kwanza iwe lile bega. Muombe baba mdogo akuruhusu kupiga picha ukurasa ule wa kaunta buku, na majina ya wanaodaiwa yafunike kwa karatasi.